Kipimo Kilichozidi

Musaga, 9 Juni 2024

Mzee Tajudini,

Salamu kutoka Musaga. Mimi ni Anselme, baba yake Chanelle, yule msichana aliyekuwa anakuja kwako Buyenzi kila Jumamosi kujifunza gitaa kabla hujahamia Rumonge. Ulikuja kwenye mazishi yake. Nakumbuka ulisimama nyuma, kofia mkononi, na hata mvua ilipoanza hukuivaa.

Nina ombi moja. Jumamosi tarehe 23 Novemba tutaganduka. Wewe umeishi na sisi, unajua: familia itakaa pamoja, maneno yatasemwa, msiba utafungwa, na kila mtu atarudi kwenye maisha yake. Siku hiyo nataka kupiga solo juu ya zile kodi ulizomfundisha Chanelle, zile sauti za kupigwa pamoja, Sol, Do na Re, kwa ule mtindo wa country uliokuwa unaupiga hotelini. Yeye kodi alizishika vizuri. Solo hakuifikia, homa ilimwahi.

Mimi nilipiga kanisani nilipokuwa kijana, lakini kodi tu. Solo sijawahi.

Mke wangu Spès hataki gitaa lipigwe nyumbani kabla ya kuganduka. Hata redio tunafungulia habari tu, kisha tunazima. Ndiyo desturi, sina la kumbishia. Kwa hiyo nimelipeleka gitaa kazini. Natunza stoo ya shule ya sekondari: chaki, mipira, madawati yaliyovunjika miguu. Wakati wa mapumziko ya mchana nafunga mlango na kufanya mazoezi. Spès nimemwambia liko kwa fundi, linabadilishwa nyuzi.

Je, utanifundisha? Unaweza kunitumia sauti kwa simu?

Nimekuta kile kipande cha Chanelle cha kupigia nyuzi, alichokata kwenye kifuniko cha ndoo ya rangi. Kina alama za meno pembeni. Natumia hicho hicho.

Anselme


Rumonge, 20 Juni 2024

Papa Chanelle,

Aleikum salaam, hata kama hukunisalimia hivyo. Barua yako Ilyasi dereva ameileta ikinuka mafuta ya mawese, basi imeshakuwa mwenyeji wa Rumonge. Gari lake linapita Musaga kila wiki, mwache awe posta yetu.

Nitakufundisha. Ila sauti sikutumii, na we usinitumie. Ukisikia utaiga, na mtu wa kuiga ni kasuku. Kodi zikibadilika, kasuku anaendelea na maneno ya jana. Chanelle nilimfundisha vilevile, kwa maneno na kwa vidole, sikumpigia hata solo moja ya kuiga. Siku moja akanikasirikia: "Mzee, we unafundisha gita kama mutu anafundisha kuogelea juu ya kinga!" Kuogelea juu ya baiskeli! Mutoto yule alikuwa na mudomo. Nilicheka mpaka mke wangu Mwantum akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Sasa sikia. Wengi wanajifunza noti tano za Sol na kuzimwaga juu ya kila kodi. Haziudhi, lakini hazisemi kitu. Ni kama mtu anayesema "pole sana" kwenye msiba, kwenye harusi na kwa muuza nyanya. Solo ya country inaita kila kodi kwa jina lake, na jina la kodi liko kwenye sauti yake ya tatu. Ya Sol ni si. Ya Do ni mi. Ya Re ni fa dièze, fa iliyopanda nusu sauti. Kodi inapobadilika, kidole chako kiwe kimeshafika hapo. Noti nyingine zote ni njia ya kwenda.

Uzi wa tatu, chumba cha nne kati ya vyuma vya shingo ya gita: hapo ni si. Uzi wa pili, chumba cha tano: mi. Uzi huo huo, chumba cha saba: fa dièze. Nyumba tatu, mtaa mmoja. Tembea hapo tu mpaka vidole vijue njia bila macho.

Na tafuta mtu wa kukushikia kodi. Solo bila kodi chini yake ni mtu anayejibu maswali peke yake barabarani.

Kuhusu fundi: nyuzi gani hizo za kubadilishwa miezi mitano? Mi nilimdanganya Mwantum kuhusu redio mwaka wa zamani sana. Redio imekufa, bado inatajwa wakati wa kula.

Tajudini


Musaga, 14 Julai 2024

Mzee Tajudini,

Asante kwa somo. Nimelibandika ndani ya kabati la chaki.

Mtu wa kushika kodi nimempata. Anapiga kwa utulivu, hana haraka, na hachoki kurudia. Tunapiga Sol vipimo vinne, Do viwili, Re viwili, kisha tunarudi mwanzo. Kipimo ni kuhesabu moja mpaka nne, kama ulivyomfundisha Chanelle. Tunazunguka hivyo mara tano, basi.

Wiki ya kwanza nilikuwa nachelewa. Do inakuja, mimi bado natafuta chumba cha tano. Kisha Jumanne moja Do ilikuja ikanikuta nimeshafika. Sauti mbili zikakaa pamoja. Nikaacha kupiga, nikakaa juu ya madawati mpaka kengele ikalia.

Nilikuwa nadhani solo ni kwenda mbio. Kumbe ni kufika kabla mwenzako hajafika, na kumfungulia.

Kuna kitu kingine, kidogo tu. Tangu msiba, watu hapa mtaani wameacha kuniita Papa Chanelle. Wanasema Mzee Anselme, kwa sauti ya chini, kama wanapita karibu na mtu aliyelala. Wanafanya hivyo kwa huruma, najua. Wewe umeniita jina langu la zamani kwenye mstari wa kwanza. Usiache.

Anselme


Rumonge, 3 Agosti 2024

Papa Chanelle,

Niache kwa nini? Jina la mtu haliendi kaburini na mtu mwingine.

Umeelewa haraka kuliko nilivyotegemea kwa mtu wa kanisani. Sasa tuvute nyuzi, kwa sababu nusu ya country ni kuvuta. Do inapokaribia, usiende moja kwa moja kwenye mi. Bonyeza uzi wa pili, chumba cha tatu. Hapo ni re. Upige, halafu usukume uzi juu kwa kidole mpaka re ipande iwe mi. Tumia vidole viwili, kimoja kisaidie kingine. Ukivuta kidogo, inalia kama paka mlangoni. Ukizidisha, Do inakukana. Ifikishe pale pale, uiache ikae.

Vidole vitauma. Vitie maji ya chumvi. Chanelle alikuwa anavifunga plasta yenye picha za katuni, alizichukua sijui wapi. Nikamwambia, "Apana, gita haitaki mutu wa hospitali." Hakuzitoa.

Huyo mwenzako ni nani? Mtu asiye na haraka na asiyechoka, mi simjui Bujumbura nzima.

Tajudini


Musaga, 15 Septemba 2024

Mzee Tajudini,

Barua hii imechelewa. Ilyasi alikaa kwenye foleni ya mafuta ya gari mpaka akawa analala ndani ya gari.

Zile plasta nilizinunua mimi. Alikuwa na umri wa miaka minane, alianguka na baiskeli. Sikujua kwamba alizihifadhi.

Kuvuta naweza sasa. Jumatatu nilivuta re ikafika mi, na mwalimu wa jiografia akagonga mlango akauliza nimefungulia redio gani. Nilifurahi siku nzima, sikumwambia mtu.

Lakini kuna tatizo, na nimeshindwa kulitatua peke yangu. Mzunguko wa kwanza naenda vizuri. Wa pili vizuri. Kwenye mzunguko wa tatu, naondoka Do naenda Re, natua kwenye fa dièze, na inauma kama mchanga kwenye wali. Mwenzangu bado yuko Do. Kuanzia hapo niko mbele yake mpaka mwisho, hatupatani tena. Kila siku ni hivyo, na ni mzunguko huo huo wa tatu.

Alhamisi Spès alinipigia simu akasema ataniletea chakula kazini, kwa kuwa nilisahau sahani yangu. Hakuja. Jioni nikaikuta mezani imefunikwa. Nadhani jua lilikuwa kali akarudi.

Mwenzangu ni mtu wa karibu tu.

Anselme


Rumonge, 29 Septemba 2024

Papa Chanelle,

Ugonjwa wako naujua, unaitwa furaha. Mzunguko wa kwanza mtu anaogopa, anahesabu. Wa pili anahesabu bado. Wa tatu anaona mambo ni mazuri, anaacha kuhesabu, anaanza kukimbia. Nimeona hotelini wapigaji wakubwa wakifanya hivyo mbele ya mabibi harusi.

Dawa: mguu. Vua viatu, piga sakafu kwa kisigino. Mguu ndio bwana, mkono ni mtumishi. Na kwenye mzunguko wa tatu usivute wala usipambe, piga noti moja tu kwa kila kodi. Nisikilize, mi nimefundisha watu wengi: si mwenzako, ni we.

Tajudini


Musaga, 20 Oktoba 2024

Mzee Tajudini,

Nimevua viatu. Nimepiga sakafu kwa kisigino mpaka mlinzi akaja kuangalia kama kuna panya. Nimehesabu kwa sauti. Nimepiga noti moja moja. Mzunguko wa tatu unanishinda vilevile.

Nakuandikia ukweli: nafikiri niache. Imebaki wiki chache. Siwezi kusimama mbele ya ndugu na majirani, mbele ya mama yake, halafu niharibu pale ambapo kila mtu ananiangalia. Kuganduka hakurudiwi. Kama solo itaharibika siku hiyo, hiyo ndiyo itakayokuwa solo yake. Bora nitoe hotuba fupi kama wababa wengine, tunywe, watu waende.

Mikono yangu ilizoea kubeba maboksi. Labda nilianza nimechelewa.

Asante kwa uvumilivu wako. Msalimie Mwantum.

Anselme


Rumonge, 27 Oktoba 2024

Papa Chanelle,

Apana. Huachi.

Nimesoma barua yako mara nyingi, na Mwantum nimemsomea. Yeye hajui gita, lakini amelea watoto. Kasema, "Mutu akianguka kila siku kwenye mulango mumoja, kosa si la mutu, ni la mulango." Amesema kweli.

Basi ni mwenzako. Nilisema si yeye, nalirudisha neno langu. Yeye ndiye anayekosea hesabu, na tena anakosea mahali pamoja kila siku, jambo ambalo sijaliona kwa mtu mwenye damu. Mwambie arekebishe. Akikataa mwache, tafuta mwingine. Solo ni yako, hairuhusiwi kuharibiwa na mtu wa kodi.

Au mlete kwangu Rumonge, nimsikie mwenyewe.

Tajudini


Musaga, 3 Novemba 2024

Mzee Tajudini,

Siwezi kumwambia arekebishe, wala siwezi kumwacha.

Mwenzangu ni Chanelle. Alijirekodi kwenye simu akipiga kodi peke yake, ili afanye solo juu yake atakapojua. Ni siku ya Ijumaa jioni, uani kwetu, wiki chache kabla ya homa. Mwanzoni anahesabu, "Moya, mbili, tatu," ya nne haisemi, anaanza. Simu yake naiweka stoo, naichaji huko.

Sikukuambia kwa sababu ulisema sauti zisitumwe, na kwa sababu sikutaka mtu mwingine aisikie kabla sijaweza kupiga nayo. Nilikuwa nahisi nikiitoa itapungua. Najua haipungui.

Nilitaka siku ya kuganduka apige yeye kodi, mimi nipige ile solo aliyoiachia nafasi. Hakuna jambo lingine zaidi ya hilo.

Ndani ya bahasha kuna kadi ndogo ya kumbukumbu ya simu yake, nimeifunga kwenye karatasi ya chaki. Isikilize. Kama ni yeye aliyekosea, niambie bila kunionea huruma. Ilyasi nimemwambia aiweke mfukoni, asiiweke pamoja na madumu.

Irudishe, tafadhali.

Anselme


Rumonge, 9 Novemba 2024

Papa Chanelle,

Kadi iko ndani ya bahasha hii. Ilyasi alinisimamia mlangoni mpaka nilipomaliza, akakataa hata chai.

Nilikaa kwanza. Halafu nikasikiliza na gita mkononi, kama nilivyopaswa kufanya tangu Juni. Kanuni yangu ya kutotuma sauti imekutesa miezi. Nisamehe. Mguu wako ulikuwa sawa siku zote.

Mzunguko wa tatu, Do inachukua vipimo vitatu badala ya viwili. Kimoja kimezidi. Mimi ni mtu wa kutafuta kosa linatoka wapi, nikarudia. Kabla ya kipimo hicho kuna kitu nyuma, mbali: geti. Geti la bati linaburuzwa kwenye saruji, linalia. Mkono wa Chanelle unaendelea na Do, hauendi Re, na ukitega sikio sana utasikia "mm", kama mtu anayeitikia. Kisha anakwenda Re, safi kabisa.

Mutoto hakukosea hesabu. Mwanafunzi wangu yule hakuwa anakosea hesabu. Aliinua macho aone nani anaingia.

Ijumaa jioni, kwenu anaingia nani?

Kuna watu wenye kompyuta wanaoweza kukata hicho kipimo. Mi nisingekata. Somo la mwisho ni hili, na wengi hawalijui: kodi isipobadilika ulipotegemea, usiende mbele, usirudi nyuma. Kaa kwenye sauti yake. Vuta mi, iache ikae. Subiri akutangulie.

Nitakuja tarehe 23 ikiwa mafuta yatapatikana.

Tajudini


Musaga, 24 Novemba 2024

Mzee Tajudini,

Mafuta hayakupatikana, Ilyasi ameniambia. Kiti chako tulikiacha. Nakusimulia, kwa kuwa ulipaswa kuwepo.

Aliyekuwa anaingia ni mimi. Ijumaa nilikuwa natoka kazini mapema, na Spès alikuwa sokoni mpaka giza. Nimejaribu kuikumbuka siku yenyewe, siikumbuki. Labda nilimuuliza kama maji yametoka. Ijumaa huwa nauliza maji. Geti lile nimelisikia kila siku kwa miaka mingi, ndiyo maana stoo sikulisikia hata mara moja. Chanelle alikuwa ananiambia, "Papa, tia mafuta." Nilitia mwezi huu tu, kwa ajili ya wageni.

Barua yako niliisoma kwanza peke yangu, kisha nikamsomea Spès. Nikamwambia pia kuhusu fundi. Akasema, "Fundi gani? Mi nilikuja na chakula. Nikasikia mulangoni mutoto anahesabu moya, mbili. Nikakaa kwenye dawati la nje mpaka akamaliza, nikarudi nacho nyumbani." Nikamuuliza kwa nini hakugonga. Akasema, "Mulikuwa wawili. Ningegonga niseme nini?" Kisha akaniuliza kama ile sahani ya siku ile niliila baridi. Nikasema ndiyo.

Jana watu walijaa ua. Mkubwa wa familia alisema maneno, msiba ukafungwa, vinywaji vikagawanywa. Nilipomaliza kushukuru, Spès mwenyewe ndiye aliyeniletea gitaa. Tuliunganisha simu na spika tuliyoazima kanisani. Chanelle akahesabu. Dada yake Spès akajifunika uso, lakini hakuna aliyepiga kelele.

Mzunguko wa kwanza noti ya si ilichelewa kidogo. Wa pili ilifika kwa wakati. Kwenye wa tatu nilivuta re ikapanda ikawa mi, na pale geti likalia kwenye spika.

Mzee, majirani wote wanalijua geti letu. Karibu ua mzima waligeuka kuangalia nani anaingia. Geti lilikuwa wazi toka asubuhi, tumelizuia kwa jiwe, na hapakuwa na mtu. Spès hakugeuka. Aliniangalia mimi.

Nilikaa kwenye mi, nikasubiri kama ulivyosema. Chanelle akaitikia, akaenda Re, nikaenda naye. Mizunguko miwili iliyobaki tuliimaliza pamoja.

Gitaa sasa liko nyumbani, sebuleni. Kipande cha Chanelle cha kupigia nimekirudisha kwenye pochi yake, nimekata kingine kwenye kifuniko kile kile cha ndoo. Spès anauliza kama kuna solo ya polepole zaidi, ambayo mtu anaweza kupiga huku mwenzake anachambua mchele.

Msalimie Mwantum. Mwambie alisema kweli: ulikuwa ni mlango.

Papa Chanelle